Kichwa Kisichotaka Baiskeli

Ilianza asubuhi moja nilipogeuka kitandani kumsalimia mke wangu. Nyumba nzima ikazunguka, paa likaja chini, nikashika godoro kwa mikono miwili kama mtu anayechukuliwa na maji. Baada ya muda mfupi ikatulia. Nikainama kutafuta kandambili, ikaanza upya, na safari hii nikatapika.

"Malaria hiyo," mke wangu akasema.

Nani angembishia? Hapa Ifakara ukipiga chafya ni malaria, ukinuna ni malaria. Nikaenda zahanati, kipimo kikaonyesha sina. Jirani akasema vipimo vya siku hizi vinadanganya, ninywe dawa ya mseto tu. Nikanywa. Mwingine akasema ni presha. Ikapimwa, ikaonekana ya kijana. Nikapewa vidonge vya kizunguzungu vilivyonifanya nisinzie mchana kutwa, na nikiamka nyumba bado inazunguka. Nilichoka kuulizwa hali na watu ambao tayari walikuwa na jibu lao.

Huko hospitali nilikokwenda mwishoni, daktari mwanamama aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: kizunguzungu kinaanza nikifanya nini? Kisha akanilaza kwa ghafla, kichwa kikining'inia nje ya ukingo wa kitanda, akatazama macho yangu yanavyocheza. Akasema ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vinavyotusaidia kusimama sawasawa, na vyangu vimehama. Akakigeuza kichwa changu upande huu, akasubiri, akakigeuza upande ule, akaniketisha. Nilitoka pale mzima, nikasahau hata hasira. Haukupita muda mrefu vikahama tena. Alikuwa amenionya kwamba vinaweza kurudi, na alimfundisha mke wangu, aliyenisindikiza, kunifanyia zoezi lile nyumbani, lakini mimi nilikuwa nimesikia neno kupona tu, na zoezi nikalikataa.

Kilichoniuma hasa ni baiskeli. Shamba langu la mpunga liko upande wa Namawala, na miaka yote nimeliendea kwa baiskeli. Sasa nikigeuza shingo kuangalia bodaboda inayokuja nyuma, barabara yote inapinda. Siku moja nikaangukia kwenye jaruba la watu, nikatoka na matope hadi masikioni, nikiyumba. Vijana waliokuwa wakipalilia wakaniamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee. Leo umezianza mapema?"

Mimi pombe sijawahi kuionja. Hilo halikuzuia habari kufika kanisani. Jumapili jumuiya ikaja nyumbani kwangu, tukasali, tukaimba, halafu mwenyekiti akakohoa na kunishauri kwa upole niache kunywa kwa ajili ya familia. Nikawaeleza habari ya vijiwe vya sikioni. Wakatazamana. Mama mmoja akanishika mkono, akasema nisione aibu, Mungu anasamehe. Nilitamani kuwafukuza wote, ila nilijua nikisimama kwa haraka nitayumba.

Mpunga ukakomaa, na mpunga uliokomaa haumsubiri mtu kichwa chake kitulie. Kila siku ndege walikula, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milimani. Mavuno yale ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima. Nikasema liwalo na liwe, nikaitoa baiskeli mwenyewe. Sikufika hata kona ya kwa jirani. Nikasimama nimeikumbatia, jasho likinitoka, na machozi ya hasira yakinitoka mbele ya watoto wa watu. Mtu mzima nimeshindwa na kitu nilichokijua tangu utotoni.

Mke wangu akaja na miundu ameifunga kwenye kiroba, akaninyang'anya usukani.

"Panda keria, mzee."

Nikamwambia sijawahi kupakizwa na mwanamke na sitaanza leo, mtaa mzima ukituona. Alikaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akitazama barabara ya Namawala.

Nikapanda. Nilikuwa na hasira naye, na daktari, na kichwa changu, na kila aliyetoka nje kutuangalia. Nilifumba macho. Barabara ilikuwa ya matuta, nami nilijikaza kila tulipopanda moja, nikiegemea huku na kule kujaribu kuiongoza baiskeli kwa kiuno. Nilisikia anavyohema.

"Tulia huko nyuma," akasema. "Unaniyumbisha."