Masikio ya Moja Mbili

Mtaani kwetu baba yangu anaitwa Moja Mbili, kwa kuwa ndiyo maneno anayosema kwenye maiki kabla ya kila shughuli. "Moja, mbili. Moja, mbili." Mzee mwenzake alimtania, "Fundi, shule uliishia mbili? Tatu hujaifikia?" Baba akamjibu, "Tatu naiweka kwa harusi yako, ukipata wa kukukubali."

Kazi yake ni kufunga spika ukumbini. Nyaya zake anazikunja taratibu, kama anayemvalisha mtoto mchanga nepi.

Mwaka huu spika zikaanza kulia. Sauti inatoka kwenye spika, inarudi ndani ya maiki, inatoka tena ikiwa kubwa zaidi, mpaka unakuwa mlio wa kupasua kichwa. Zamani baba aliukamata ungali mwembamba, kabla mtu mwingine hajausikia. Siku hizi watu wanaziba masikio, yeye bado anatabasamu.

Na kila akiuliza, "Jamani, sauti ikoje?" wanaitikia, "Safi kabisa, mzee wetu!" Nani amwambie mtu mzima kama yule kwamba anawaumiza? Naye akisikia safi, anaongeza.

Mwenye ukumbi akaniita pembeni. "Dada, baba yako nampenda. Lakini kwenye harusi ya Jumamosi spika zikilia tena, naita fundi mwingine."

Nilirudi nyumbani nikiwaza nitamwambiaje. Nikamkuta baba amempakata binti yangu, ambaye anamwita mke wake mdogo, huku anajaribu spika. Mtoto akakunja uso, akaanza kulia. Nilipotega sikio, nikausikia mlio unaanza, mwembamba kama uzi.

"Mke wangu ana njaa huyu," baba akasema.

"Hana njaa, baba. Spika inalia."

"Mbona mimi sisikii?"

"Ndiyo hivyo, baba. Husikii."

Akazima mitambo. Akakaa juu ya spika, mtoto kifuani. Nikajua nimemvunja moyo.

"Na wote wale wakaniambia safi?"

"Wanakuheshimu."

"Heshima gani ya kunipotezea kazi!" Akacheka kidogo, macho yamelowa.

Jumamosi nilikaa katikati ya ukumbi, mtoto mgongoni. Tulipatana kwamba nikishika sikio, apunguze. Hakumuuliza mgeni yeyote. Alikuwa ananitazama mimi tu. Kuna wakati alitikisa kichwa kunibishia. Nikashika masikio yote mawili, nikamkodolea macho kama marehemu mama alivyokuwa akimfanyia. Akapunguza upesi.

Mwenye ukumbi alisimama mlangoni, akaisikiliza hotuba yote ya mjomba wa bwana harusi, ndefu isiyo na mwisho. Hakuna kilicholia. Akamwendea baba.

"Fundi, Jumamosi ijayo kuna mkutano hapa. Uje mapema."

Baba akanyoosha kidole kwangu.

"Muulize kwanza yule, kama ana nafasi."