Ardhi ya Ukoo, Matuta ya Bartholomeo

Ukungu wa asubuhi bado umeifunika milima ya Mgeta. Bartholomeo, mkulima wa miaka sitini na moja, amesimama kijitoni, suruali imekunjwa magotini, anasugua karoti ndani ya kiroba kabla gari la kwenda Morogoro mjini halijafika.

"Karoti yenye matope, mnunuzi anaipita tu," anasema, bila kuinua kichwa.

Juu yake shamba limepanda mlima kama ngazi, tuta juu ya tuta. Amelilima miaka thelathini na minne. Matuta yote aliyakata kwa jembe lake, lakini ardhi ni ya ukoo wa marehemu mkewe, Prisca.

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Bartholomeo alipooa alihamia kwa mkewe, akapewa pori la mteremko, akalifyeka. Kwao, ng'ambo ya bonde, mashamba waligawiwa dada zake.

Mungu hakuwajalia mtoto. Prisca alipofariki, miaka mitatu iliyopita, msiba ulikuwa haujapoa pale kaka yake, Fransisko, ambaye ndiye msimamizi wa ukoo, alipokuja kuzungumza.

"Shemeji, hatukufukuzi kwa ubaya," alimwambia. "Lakini kesho ukioa kwingine, watoto watakuwa wa ukoo mwingine. Ardhi ya bibi zetu itakwenda hivyo hivyo."

 Bartholomeo alimmiminia mgeni chai, akatoka kwenda kusimama shambani mpaka mgeni alipoondoka.

Hofu ya Fransisko haikuzuka hewani. Mwaka 1923 serikali ya mkoloni Mwingereza ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Baadaye ilitambua kwamba wenyeji wanakaa kwa mila zao, ila haki yao ilikuwa dhaifu mbele ya mwenye hati.

"Bibi alikuwa akisema, mwenzio ana karatasi, wewe una mdomo tu," anakumbuka Fransisko.

Uhuru ulipokuja ardhi ilibaki ya umma. Ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliyoipa haki ya kimila hadhi sawa na haki inayotolewa na serikali, na kumwezesha mwanakijiji kupata hati ya kimila.

Ndiyo sababu upimaji ulipofika kijijini, mwaka juzi, shauri la wale mashemeji wawili lilipamba moto. Jina la nani liandikwe? Walipelekana kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha.

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mpole, aliuliza jambo moja: matuta haya alikata nani?

 Kila mmoja alimtazama Fransisko.

"Alikata yeye," Fransisko alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa naona. Mvua zilipobomoa mashamba yetu, lake lilibaki."

Hapo akasimama Modesta, binti wa mdogo wa kike wa Prisca, ambaye kimila ndiye aliyestahili kurithi.

"Shikamoo mjomba, shikamoo baba mkubwa," alianza. "Hati iandikwe jina langu, ardhi isitoke kwenye ukoo. Lakini ndani yake iandikwe kwamba baba mkubwa atalima mpaka Mungu atakapomchukua, na mtu asimguse. Hata mimi."

Fransisko aliomba kutoka nje kidogo. Aliporudi alisema sawa, akampa shemeji yake mkono. Ndivyo hati ilivyoandikwa.

Bartholomeo hafichi kwamba alitamani jina lake. "Iliniuma," anasema. "Lakini Prisca naye angetaka ardhi ibaki kwao. Na mimi nitakaa alipolala."

Siku hizi Fransisko hupita jioni, wakala mahindi ya kuchoma. Shauri lile hawalizungumzi tena.

Kiroba kimejaa. Bartholomeo anakifunga, kisha anaonyesha tuta la juu kabisa, alikochimba mashimo kusubiri mvua za vuli.

"Mwaka ule wa kesi nilipanda mchicha tu," anasema. "Wiki chache unavuna, hata wakikutoa hujapoteza kitu. Safari hii naweka parachichi. Wanasema ni miaka mitatu, minne, ndipo lizae."

Na kama hatayala?

"Atakula Modesta," anasema, na kubeba kiroba chake begani.