Kanga ya Mama Ndani ya Kilemba cha Ami

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu hii nimeificha miaka na miaka, na mpaka leo nikiona sinia la halua masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa Matrah, Omani kwa mababu zetu, mwaka wa tano tangu tutoke Unguja baada ya mapinduzi, mimi Seif, kijana wa miaka kumi na saba, nikikaa kwa Ami, ndugu wa baba yangu, pamoja na Bibi. Mama alibaki kule kumuuguza babu, baba yake. Siku tuliyoondoka aliigawa doti yake ya kanga, kipande kimoja akanipa, kimoja akabaki nacho. Changu sikuwahi kukifua, kwa sababu kilikuwa bado kinanukia yeye, na nikizidiwa nilijifunika nacho uso (ndiyo, mwanamume mzima na ndevu zinachomoza).

Kila Ijumaa baada ya alasiri, Mwalimu Khalfan, aliyetusomesha tangu Unguja, alitukusanya vijana sebuleni kwa Ami tubishane. Safari hiyo alituletea habari za Wayahudi. Alipokuwa akisoma Ulaya alipanga chumba kwa bibi kizee wa Kiyahudi, akaona yeye na jamaa zake kila mwaka wanakaa kwenye chakula wanawahadithia watoto walivyotoka Misri, kana kwamba wao wenyewe ndio waliotoka.

"Wametawanyika karne na karne, na bado wanajiita watu wamoja," alisema. "Kinawashika nini? Damu, ardhi, au kukumbuka? Na sisi je? Ijumaa ijayo mnijibu."

Binamu yangu Salma, binti wa Ami, akachukua upande wa kukumbuka. Mimi nikachukua damu na ardhi, kwani vijana wa mtaani walikuwa wakiniita Zinjibari, yaani Mzanzibari kwa ulimi wao, na Ami alikuwa amewaalika waje na baba zao. Nilitaka siku hiyo wanione mwenzao, basi. Nilitaka mno.

Ijumaa ilipofika nikaamua (kitu kidogo tu, jamani!) kuvaa kilemba cha Ami. Kukifunga sikujui, kwa hiyo nikachukua alichokwisha kukifunga akakivua, ila Ami ana kichwa kama fenesi na changu kama limau, kikanishuka mpaka kwenye pua, nami kwa haraka nikakunja kanga ya Mama nikaijaza ndani, kikakaa sawasawa, nikajitazama kwenye kioo nikajiona sheikh.

Nikasimama mbele ya watu. "Damu yetu ni ya hapa!" nikapiga kelele. "Unguja imekwisha, tuitoe vichwani mwetu!" Nikatikisa kichwa kwa nguvu ili maneno yaingie, na kilemba kikaruka kikatua kwenye sinia la halua, kanga nyekundu ikafunguka yote mbele ya wageni, pembe zake zikizama kwenye samli.

Kijana mmoja wa mtaani akasema, "Zinjibari kaificha Zinjibari yake kichwani!" na nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Mwalimu, mie sina la kuongeza," akasema Salma. "Seif keshanisemea."

Bibi, masikini, kwa kutaka kunistiri akaiokota ile kanga akakimbia nayo uani, na nilipomfikia alikuwa kashaisugua kwa sabuni. Nikaitia puani. Sabuni tupu. Nikalia pale pale mlangoni, watu wote wananiona, wala sikujali tena nani ananiita nani.

"Nisamehe mjukuu wangu, sikujua," Bibi akasema. Akanishika mkono akanikalisha karibu yake. "Haya, nambie alikuwa akinukia vipi. Nnakusikiliza."

Miaka mitano nilikuwa sijamtaja Mama. Nikaanza: udi, asumini iliyolala kwenye nywele, moshi wa kuni anapopika mkate wa kumimina. Nilipoinua uso, Mwalimu alikuwa kainama, Ami anajipangusa macho, na yule kijana wa mtaani aliyenicheka kaacha kutafuna.

Mama sikumwona tena. Tangu siku hiyo kilemba nafunga mwenyewe, hata kikienda upande, na kuazima cha mtu nimeapa sirudii. Na kila mwaka, siku kama ile tuliyoondoka, nawakalisha wanangu nawahadithia bibi yao alivyokuwa akinukia, nao, ambao hawakupata kumwona hata mara moja, hubishana mpaka wakagombana, huyu akisema ni udi, huyu akishikilia ni asumini.