Mkwara Nliopiga kwa Kona ya Marehemu

Poka nlijifundisha mwenyewe kwenye simu, na kwa hasira zangu nlikuwa nafungwa kila mchezo miezi mizima. Mie nkiwa na karata nzuri, naropoka. Nkiwa sina kitu, nanyamaza kama nimo msikitini, na mtaa mzima ushalijua hilo. Basi ukitaka kupiga mkwara, yaani kumtisha mwenzio kwa karata usizokuwa nazo, jijue kwanza unakuwaje unaposema kweli, halafu uwe hivyohivyo unapodanganya. Na usimpigie mkwara mtu asiyefikiri. Huyo hatishiki, atataka kuona karata zako tu.

Siku hiyo tulikuwa Mji Mkongwe, kwenye baraza ya nyumba ya rafiki yangu, baada ya sala ya adhuhuri. Babake alifariki wiki tatu nyuma. Mzee alikuwa na kona yake karibu na mlango, na mwanawe katandika mswala hapo, kasema hapakaliwi mpaka arubaini ipite. Sote tukapaheshimu. Akaja muuza vitambaa wa Mwanakwerekwe, mgeni kwetu, hajapata hata kumwona marehemu. Akausogeza mswala, akakaa.

"Inuka hapo, yakhe," nkamwambia. "Pana mwenyewe."

"Mwenyewe si kafa? Maiti hakai barazani."

Nkapandwa. Rafiki yangu alinishika mkono, lakini nshasema: tucheze mkono mmoja wa poka. Akishinda, akae hapo mpaka achoke. Akishindwa, asipaguse tena. Akakubali, akahamia mbele yangu.

Rafiki yangu akaurudisha mswala mahali pake, akaninong'oneza, "Umeweka kitu si chako." Kisha akaenda kukaa ngazini, hataki kutazama. Maneno yale yaliniuma kuliko kofi. Kweli, sikumuuliza.

Nkakaa, kona nimeipa mgongo. Kila mmoja karata tano na kete kumi za bao badala ya pesa, kubadilisha karata mara moja. Nkazifunua zangu: tatu, sita, tisa, ghulamu, bibi. Takataka tupu. Yeye akabadilisha mbili tu. Maana yake anashikilia tatu za aina moja.

Mkwara hauanzi kwenye kete, unaanza hapo kwenye kubadilisha. Na mie nkibadilisha, najulikana kuwa natafuta.

"Mie sibadilishi," nkasema, nkaanza kuropoka. "Sheikh, kwako hamna baraza, au mkeo kakufukuza? Funga vitambaa vyako mapema." Nkasukuma kete zote kumi.

Hakunitazama hata usoni, alitazama juu ya bega langu. Huo ndio ujanja wa barazani: mtazamaji hukaa nyuma ya mchezaji anazichungulia karata zake, na mjuzi anamsoma mtazamaji. Jua lilikuwa kali, lakini shingo yangu ikaingia baridi, kama mtu anapumua hapo.

Akalaza karata zake wazi, kaacha mchezo bila kutaka kuona zangu. Ree tatu, karata kubwa kuliko zote.

"Umeshinda," akasema. "Mzee wako hapo nyuma kazitazama zako, katabasamu."

"Mzee gani?"

Akanyoosha kidole. Nkageuka. Mswala tu.

Kidole chake kikabaki hewani. "Alikuwa hapo sasa hivi. Kavaa shuka, anajisugua goti la kushoto."

Rafiki yangu akainuka ngazini. Goti la kushoto ndilo lililomsumbua babake mpaka siku ya mwisho, na mgeni yule hakuwa na wa kumwambia. "Kasema nini?" akamuuliza.

"Hakusema kitu." Akakusanya vitambaa vyake, akaondoka hata buriani hakutuaga.

Nlidhani rafiki yangu atanishukuru. Akasimama pale, anautazama mswala. "Wiki tatu nalala kwenye kitanda chake," akasema, "mie mwanawe, hata kumwota sijamwota. Kaja kuonekana na mtu wa Mwanakwerekwe."

Akakaa mbele yangu, alipokuwa kakaa yule mgeni. Akazigawa upya karata, tano kwangu, tano kwake.

"Zishike," akasema. "Ziinue kidogo, mzee azione. Na usigeuke."

Nkaziinua. Hakuzigusa zake. Alikuwa kalikodolea macho bega langu, na kidogokidogo ile baridi ikarudi shingoni.

"Unamwona?" nkamuuliza.

Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakupepesa. Sikugeuka mpaka alasiri ikaadhiniwa.