Dude Lililoinamisha Kichwa

Jumapili baada ya ibada niliingia ukumbi mmoja hapa Umoja kutazama mchezo wa kuimba, uliotolewa kwenye filamu kuukuu kuhusu dude lililoshuka kutoka angani likawa linakula watu. Dude lenyewe lilikuwa la madebe na sponji, na waigizaji watatu tumboni.

Tulicheka sana lilipommeza fundi wa nguo katikati ya wimbo, utepe wake wa kupimia ukining'inia mdomoni mwa dude. Mkewe akabaki jukwaani, tayari kuimba wimbo wake wa kuchekesha. Mama mmoja wa safu yangu akamwambia taratibu, "Pole, mama." Ukumbi mzima ukarudia, "Pole."

Mwigizaji akasahau maneno yake. Akajibu, "Asanteni. Tumeshapoa."

Basi yule mama akasimama, akaanzisha wimbo wa matanga, nasi tukaupokea kwa sauti nne. Dude likaacha kutafuna. Likainamisha kichwa hadi tukamaliza, kisha likammeza mjane.

Nimeenda mazishi mengi ambako muuaji aliketi safu ya mbele. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiinamisha kichwa.