Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Tok.

Ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwa Kingori: jiwe likiwekwa nyuma ya gurudumu. Watu hudhani anachosikia ni ule mlipuko wa ng'ambo ya mpaka, uliomchukulia mguu wa kushoto na kumwachia vipande vya chuma begani. Ule hakuusikia, aliamka tu hospitalini akaambiwa. Jiwe ndilo alilolisikia kila jioni, nyuma ya mgongo wake, mahali asipoweza kuona.

Nyumba yake iko juu ya Karatina, mwisho wa barabara ya udongo mwekundu inayopanda kutoka sokoni katikati ya mashamba ya kahawa. Huko chini ana kibanda cha kutengeneza redio na simu, na mkewe, Watiri, anauza nduma na kabichi karibu naye. Asubuhi kiti chake cha magurudumu kilishuka, Watiri akikivuta nyuma kisije kikakimbia. Jioni kilipanda. Bega la Kingori halikuweza kusukuma magurudumu mlimani, na breki zilikuwa zimelika. Basi Watiri akafanya kama wafanyavyo matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori: alitia jiwe katika mfuko wa nyuma ya kiti, na kila alipokata pumzi, alikizuia kiti kwa nyonga, akainama, akaliweka. Tok. Akapumua. Wakaendelea.

"Tanboi!" Waweru, jirani yao wa mkokoteni, alizoea kumwita. "Hiyo lori yako iko na mzigo gani leo?"

"Nimebeba serikali," Watiri alimjibu. "Na unajua serikali haishukangi."

Wote walicheka, Kingori kuwashinda. Alicheka kwa nguvu ili asiisikie pumzi ya mkewe.

Ngugi, aliyetumikia na Kingori jeshini, ndiye aliyempigia simu kumweleza kwamba matibabu ya wanajeshi walioumia kazini hayaishii kwenye dawa. Mtu asiyeweza kutembea anaweza kupewa skuta ya betri, yenye kiti na usukani, inayopanda mlima yenyewe.

"Daktari wako aandike kwanza," Ngugi alisema. "Halafu utaitwa Nyeri, wakuone. Ukiweza kutembea na magongo, hupewi. Ukiweza kujisukuma, hupewi. Na uwe na stima nyumbani ya kuichaji. Basi. We sema tu ukweli."

Lilionekana jambo rahisi.

Siku ya kwenda Nyeri, Watiri alimpigia suruali pasi na kukipaka rangi kile kiatu kimoja mpaka kikang'aa. Ukumbini walikaa wastaafu wengi, migongo imenyooka kama ya vijana. Mlango ulipofunguka akaingia afisa wa matibabu, Kapteni Gatwiri, mwanamke mfupi mwenye miwani, na mtu mmoja wa mbele akatoa amri ya kusimama kwa sauti ya zamani ya kambini. Waliokuwa na miguu walisimama. Kingori naye, kabla hajawaza, alikuwa juu ya magongo aliyotumia kuzungukia nyumbani.

Jina lake lilipoitwa, hakurudi kwenye kiti. Alikwenda mpaka mezani kwa magongo, kifua mbele, bega likimuunguza kama limemwagiwa maji ya moto.

"Unaendeleaje, Sajini?"

"Niko sawa, afande!"

"Magongo hayakusumbui?"

"Hapana, afande!"

"Na kiti? Unajisukuma mwenyewe?"

"Ndio, afande!"

Kambini, aliyekwenda kwa daktari asubuhi alizomewa siku nzima kwamba anakwepa kazi. Kingori alitumikia miaka yake yote bila kuzomewa hata mara moja. Mdomo wake ulijua jibu moja tu, na siku ile ulilitoa kwa heshima zote, huku Watiri amesimama mwisho wa ukumbi ameshika kiti kitupu.

Jibu lilikuja kwamba magongo yanamtosha. Alitumiwa mipira mipya ya kuvalisha ncha zake.

Watiri aliipokea, akaigeuzageuza kiganjani.

"Sasa, Baba Nyawira, hii ndiyo itanisaidia kukusukuma?"

Akaenda kuchemsha chai. Hakulitaja tena jambo hilo, siku ile wala baadaye. Kingori alitamani amgombeze. Angegombezwa, angejitetea, na katika kujitetea pengine angesahau kidogo alichokifanya.

Jioni moja ya mvua, mahali mlima unapokaza, alilisikia jiwe. Tok. Alingoja pumzi ifuate. Haikufuata.

"Watiri?"

"Niko."

"Si twende, tunanyeshewa."

"Nakuja."

Hakuja. Kingori alishika magurudumu ajigeuze, yakateleza matopeni. Alichoona ni barabara ya mbele peke yake na maji yakimshukia. Nyuma yake alisikia magoti yakisota, na meno ya mkewe yakiuma kilio kisitoke. Alimwita Mungu, kisha akamwita Waweru, na aliyefika ni Waweru. Watiri alipelekwa nyumbani juu ya mkokoteni, amelala kwa ubavu kati ya magunia. Kingori aliachwa hapo katikati ya mlima mpaka Waweru arudi, akiwa hana cha kumshikilia isipokuwa lile jiwe.

Daktari alisema mgongo umeumia, na kwamba mama huyu asisukume kitu kizito tena. Alimpa mshipi mpana wa kufunga kiunoni. Kingori alikaa nyumbani kama ilivyopasa. Lakini Watiri alipoanza kutembea vizuri, alimkuta sebuleni na bisibisi mkononi, akifungua redio nzima na kuifunga tena.

"Utakaa hapa kama kuku wa mayai mpaka lini?" alimwambia. "Panda twende. Polepole tu."

Naye akapanda kitini. Katika yote, hili ndilo linalomnyima usingizi. Ukumbini Nyeri aliweza kusema mdomo ulimponyoka. Siku hii alifikiri, akauona ule mshipi chini ya sweta ya mkewe, akapanda.

Alimsimulia Ngugi kwenye simu. "Kata rufaa," Ngugi akasema. "Omba waje kwako, waone hiyo barabara. Lakini wewe mtu yangu, usiwapigie gwaride tena."

Kapteni Gatwiri alikuja mwenyewe. Watiri alikuwa ameficha rangi ya viatu. Kingori aliitafuta kimyakimya, akaikosa. Afisa alikagua mahali pa kuchaji, akatazama kibaraza, akateremka barabara kidogo na kurudi akihema. Hakuketi. Kingori alikuwa kitini, magongo ameyashika.

"Sajini, mara ya kwanza niliandika ulivyoniambia. Leo pia nitaandika utakavyoniambia. Mlima huu unaupandaje?"

"Niko sa—" Kingori alianza.

Watiri alishughulika na kikombe. Afisa alizunguka kiti, akatia mkono katika mfuko wa nyuma, akatoa jiwe. Upande mmoja lilikuwa limelainika kwa kushikwa.

"Hili ni la nini?"

Kingori alimtazama mkewe. Alijua sasa yatasemwa yote, na kwa haki: ukumbi, mipira, matope. Hata alijiandaa kuyapokea.

"Hilo?" Watiri alisema, akitabasamu kwa adabu. "Ah, hilo ni la kuzuia mlango tu, madam. Huku kuna upepo. Mzee wangu yuko na nguvu zake."

Alisema hivyo akiwa ameshika nguzo ya kibaraza, kwa sababu kusimama wima kulikuwa kunamuumiza.

Kuku alipita. Kingori aliyalaza magongo chini, moja baada ya jingine, akanyoosha mkono apewe jiwe, akaliweka pajani. Kapteni Gatwiri alilazimika kuinama ili amsikie.

"Ni lake, afande. Analiweka nyuma ya gurudumu apate kupumua. Mimi siwezi."