Daftari la Zamu la Mzee Ndesanjo

Kwa miaka sita hakuna mtu aliyegusa hata nukta moja ya programu ya Zamu bila kwanza kumwamkia Sylvanus Ndesanjo. Programu yenyewe ilikuwa mali ya wote. Iliandikwa hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza, kwamba yeyote aichukue, aitumie, airekebishe na kumpa mwenzake. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu za maji kwenye mifereji ya Meru, nani afungulie shamba lake Jumanne asubuhi na nani asubiri Alhamisi, ili watu wa Poli na Akheri wapunguze kukimbizana na majembe. Ilikuwa huru kabisa. Ila ilikaa ndani ya kompyuta moja, kompyuta ikakaa kwenye duka la steshenari la Ndesanjo pale Kaloleni, Arusha, imefunikwa kitambaa alichofuma mkewe, na kiti kilichokuwa mbele yake hakikukaliwa na mwingine.

Msidhani alizaliwa na makuu. Aliteremka kutoka Kibosho akiwa kijana mwembamba, akaajiriwa masjala katika shirika moja la umma, na kwa miaka ishirini na miwili aliweza kukutolea barua ya mwaka sabini na tisa huku anazungumza na mtu mwingine. Halafu zikaja siku za kuuza mashirika. Mwenye mali mpya alifika na kompyuta zake na shemeji zake, na iliposomwa orodha ya waliowahi kufanya kazi pale, jina la Ndesanjo halikuwemo. Faili la mtunza mafaili lilikuwa limepotea. Mwaka mzima alizunguka ofisi hii na ile akiwathibitishia watu kwamba aliwahi kuwepo. Mjini walicheka sana. Yeye hakuona cha kuchekesha, na hata leo ukitaka kukosana naye, anzia hapo.

Ndiyo maana vijana walipomjia wakitafuta mashine ya kuwaka mchana na usiku kwa ajili ya Zamu, aliwapa kabla hawajamaliza kueleza. Walikuwa Nusura, mwalimu wa kompyuta aliyezaliwa hapohapo Kaloleni na kuolewa Kijenge, na Bariki wa Poli, ambaye baba yake alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Wenzao wengine saba wakaja baadaye. Ndesanjo hakujua kuandika programu, lakini alijua kutunza kitu. Ndani ya wiki moja alikuwa amejipa cheo cha Mratibu Mkuu, amechongesha muhuri wa duara karibu na uwanja wa mpira, na amenunua kauntabuku nene akaliandika juu kwa kalamu nyekundu: DAFTARI LA ZAMU.

Utaratibu ulikuwa huu. Mwenye jambo la kurekebisha anafika, anatoa shikamoo, anaandika kwenye daftari jina lake, tarehe na anachotaka kubadilisha. Akipewa zamu, sehemu ile ya programu inafungwa, hakuna mwingine anayeigusa. Akimaliza kazi yake nyumbani anarudi na flashi, Ndesanjo anaipokea kwa mikono miwili, anavaa miwani na kuingiza yeye mwenyewe. Waliomfundisha walimwambia nywila ni siri, naye alikuwa mtu wa masjala: hakumwambia mtu, hata Nusura aliyemfundisha. Sasa mashine hurekodi jina la aliyeingiza. Kwa hiyo kila badiliko, liwe la Nusura au la nani, likaandikwa kwamba limefanywa na S. Ndesanjo. Yeye hakuona kosa. Masjala barua hubeba jina la aliyeipokea.

Ikaendelea hivyo hadi mgao wa umeme ulipotuchosha. Umeme ukikatika Kaloleni, Nusura aliyekuwa na umeme Kijenge anakunja mikono, na mwenzake wa Engutoto anakwenda zake kufua. Watu tisa wenye akili timamu walisimamisha kazi kwa sababu mtaa mmoja una giza. Na siku umeme upo, mtu mmoja ameshika zamu tangu Jumatatu na amekwenda msibani Mwika.

Mwaka 2008 Nusura akaitisha kikao na kuwaeleza mfumo mpya. Kila mtu atakuwa na programu nzima kwake, pamoja na historia yake yote tangu siku ya kwanza. Ataandika anapotaka, hata mtandao usipokuwepo, halafu wataunganisha kazi zao. Ndesanjo alinyanyua mkono akauliza nakala halisi itakuwa ipi. Nusura akasema zote ni halisi. Mzee akaishika soda yake, uso wake ni wa mtu aliyeambiwa kwamba kuanzia Jumapili parokia itakuwa na maparoko tisa.

Lakini alikubali, kila mtu akashangaa. Walishangaa mapema mno. Nusura alipomaliza kuhamisha kila kitu na kuweka orodha ya mabadiliko kwenye mtandao isomwe na yeyote, Ndesanjo alinunua flashi tisa, akaziwekea nakala, akazibandika namba, akagonga muhuri kwenye kila kibandiko, kisha kwa ajili ya usalama akazifungia zote tisa kwenye kabati la chuma nyuma ya mashine. Mwenye kuhitaji nakala yake aliombwa afike kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, asaini, na airudishe siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo Arusha ilivyopata mfumo wa kisasa wa kusambaza kazi, ukiwa umesambazwa kwenye rafu mbili za kabati moja. Kwa wiki tano watu wazima waliosoma walipanga foleni kwa sababu hakuna aliyetaka kumvunjia mzee heshima.

Tena alikuwa na jambo lililompandisha kichwa. Ilikuwa imefika barua kutoka Nairobi, kutoka kwa waandaaji wa mkutano wa watu wa programu huria. Walikuwa wamepekua historia ya Zamu kwenye mtandao, wakahesabu mabadiliko elfu moja mia tatu themanini na sita, yote ya mtu mmoja, wakamwalika mwandishi huyo hodari akazungumze. Ndesanjo aliitia barua kwenye fremu. Alishonesha suti. Mwanzoni alisema wamekosea kidogo. Baada ya wiki akasema si kukosea hasa. Baada ya wiki mbili mkewe, Pudensiana, alimkuta mbele ya kioo akieleza namna alivyoipata fikra ya Zamu akiwa anavuka mfereji.

"Baba Agnela," alimwambia, "mfereji gani umevuka wewe, zaidi ya huu wa maji machafu hapa mlangoni?"

Akamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Ijumaa moja Bariki aliingia dukani akiwa na viatu vya mpira vyenye tope la Poli. Huyu ndiye aliyeandika moyo wa Zamu, ile hesabu ya kugawa maji ambayo wengine waliogopa kuigusa. Alikuwa mpole kupita kiasi, na wapole wana adha yao, kwa sababu hujui umewaumiza lini. Alitoa shikamoo, akaandika jina lake kwenye daftari kama kawaida, kisha hakuomba nakala. Akabaki amesimama.

Ndesanjo akamwuliza kulikoni. Bariki akaeleza taratibu kwamba alikuwa ameomba kazi kwenye kampuni moja ya programu mjini. Waliipenda barua yake. Alipowaambia kazi yake kubwa ni Zamu, walifungua historia hapohapo mbele yake wakatazama.

"Walitafuta jina langu, mzee," alisema. "Halikuwemo hata mara moja. Wakaniuliza nina ushahidi gani kwamba niliwahi kuwepo."

Wamempa hadi Jumatano alete huo ushahidi. Hakulaumu, hakuomba kitu. Alisema amepita tu kumjulisha, maana wanaweza kumpigia Mratibu simu. Akaaga akaondoka.

Ndesanjo alibaki amekaa. Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio, ya mtu mzima aliyefumaniwa. Maneno yale aliyajua. Aliwahi kuulizwa hivyohivyo, dirisha hadi dirisha, na aliyekuwa akimwuliza alikuwa mtu kama yeye, mwenye miwani na muhuri. Aliitazama barua kwenye fremu. Safari ilikuwa imebaki siku kumi, na suti iko tayari, na nataka kusema ukweli: alifikiri pia kukaa kimya. Angesema daftari limeliwa na panya, na nani angebisha? Alifikiri hivyo hadi chai yake ikapoa.

Kisha akampigia Nusura. Alimwuliza kama inawezekana kuhamisha upya, safari hii kila badiliko libebe jina la aliyeliandika. Nusura akasema mashine ingekubali, ila haijui nani aliandika nini. Hakuna anayejua.

"Mimi najua," akasema Ndesanjo. "Nimeandika."

Daftari lile walilokuwa wakilicheka soko zima ndilo lililokuwa na kila kitu: jina, tarehe, sababu, miaka sita bila kuruka siku. Ilikuwa kazi ya siku tatu, tangu Jumamosi hadi Jumatatu. Mzee alisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, na Nusura akachapa. Tarehe nne Machi, Bariki, kurekebisha mgao wa mfereji wa juu. Tarehe sita Machi, Nusura. Tarehe tisa, Bariki. Kila mstari aliousoma ulimwondolea jina lake mahali pamoja. Jumamosi jioni alikuwa amebakiwa na mia nane. Jumapili alikuja kutoka misa ya kwanza akabakiwa na mia mbili. Pudensiana aliwaletea chai na maandazi, akakaa pembeni bila kumtania mumewe, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumatatu alasiri daftari lilifika ukurasa wa mwisho. Nusura akamwuliza kama anataka kujua yamebaki mangapi yake. Akataka.

Yalibaki matatu. La kwanza aliongeza nukta baada ya neno "Karibu". La pili, miezi minane baadaye, aliiondoa. La tatu aliongeza chini ya ukurasa wa kwanza: Mratibu Mkuu, S. Ndesanjo. Nusura, kwa huruma, akasema hili la tatu angeweza kulifuta kwenye historia, hakuna atakayejua.

"Liache," alisema mzee. "Nililifanya."

Jioni hiyohiyo aliwaandikia watu wa Nairobi kwamba wamemwalika mpokea barua, na akawapa jina la mwandishi, Bariki wa Poli. Fremu akaitoa ukutani. Kabati akalifungua, zile flashi tisa zikafutwa, zikawekwa nakala mpya, na wenzao walipokuja kuzichukua jioni ile hakuna aliyesainishwa. Kila mmoja aliitia ya kwake mfukoni, akaenda nayo kwake.

Nusura alipokuwa anaondoka, alitoa flashi ya kumi mkobani mwake akampa. Alimwambia hii ni yake, kila kitu kimo, sawasawa na walivyo navyo wengine.

Ndesanjo aliigeuzageuza. Akavuta daftari, akatafuta mstari uliobaki wazi chini ya ukurasa, akaandika tarehe na jina lake, Sylvanus Ndesanjo, upande wa waombaji, ambako hakuwahi kuandika. Akasogeza kiti, akafunua kitambaa, akakaa mbele ya mashine, mikono magotini.

"Na zamu yangu," akamwuliza Nusura, "ni lini?"